Chuma cha Futi Sita

Kabla sijaeleza lolote, nitenge kwanza niliyoyaona na niliyoyasikia. Niliyoyaona kwa macho yangu ni kusimamishwa kwa mlingoti wa antena katika boma la Mzee Ondiek, upande wa Ndhiwa. Alama za moto nilizozikuta hapo baadaye. Na kipande cha chuma nilichokichomoa ardhini mbele ya watu. Radi yenyewe sikuiona. Ilipopiga nilikuwa Suna, nimeinamia redio ya mteja, na yote ninayoyajua kuihusu niliambiwa. Nasisitiza jambo hili kwa sababu mwezi uliopita tulimzika Fundi Nashon, aliyenifundisha kazi. Katika mazishi hayo, karibu na Rodi Kopany, nilimsikia msemaji mmoja, ambaye tukio lilipotokea hakuwa amezaliwa, akieleza kwenye kipaza sauti jinsi marehemu alivyonusa udongo, akatambua kosa, na kumwokoa mjane aliyesingiziwa kwamba ametuma radi. Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga. Fundi Nashon hakunusa udongo wowote, wala asingetaka sifa isiyo yake. Kosa lile lilikuwa langu, na kwa siku tano nzima, mjane huyo akisingiziwa, mtu pekee aliyelijua nilikuwa mimi.

Ulikuwa mwaka mmoja katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, nina cheti cha chuo cha ufundi, na si mzaliwa wa Migori. Dholuo changu kilikuwa cha salamu na cha kununulia nyanya, hivyo watu walizungumza nami Kiswahili. Karakana ya Fundi Nashon, pale Suna, mjini Migori, ilikuwa chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga mahindi. Unga ulipenya kila mahali, na hakuna redio tuliyoifungua mle ndani ambayo hatukuipuliza kwanza. Saa saba tulisogeza vyuma vya kulehemu upande mmoja wa meza, tukala ugali na omena, dagaa wa ziwani, upande wa pili, huku Fundi akiendelea kunihoji kana kwamba mtihani haujaisha. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, Mwadventista asiyegusa hata bisibisi baada ya jua la Ijumaa kuzama. Kifaa kikiwa wazi na kina umeme, alitaka mkono wangu mmoja ukae mfukoni. Nikiusahau aliniuliza, “Huo wa pili unatafuta nini huko ndani? Umealikwa harusi?” Nilicheka mara mbili za kwanza. Mara ya tatu umeme wa amplifaya ulinirusha hadi kwenye magunia, na tangu hapo mkono wangu unaingia mfukoni wenyewe.

Wateja nao hakuwaachia kifaa chao kabla ya kuwasomea masharti. Alianza na kile kitambaa cha kufuma ambacho kila nyumba ya heshima ilikitandaza juu ya redio. “Mama, hiki kitoe. Hiki kifaa kinapumua kwa mgongo.” Mama akajibu, “Lakini Fundi, bila kitambaa si itapata vumbi?” Naye akasema, “Vumbi niletee nitalifuta. Moto sitaweza kuuzima nikiwa Suna.” Baada ya kitambaa alikataza chungu cha maua na kikombe cha chai, kisha akamalizia na antena ya nje, na hapo sauti yake ilibadilika. Mlingoti usimame mbali na nyaya za umeme, umbali ambao hata ukianguka hautazifikia. Uungwe na chuma cha ardhi, yaani kile chuma kirefu kinachofukiwa kando yake ili radi ipate pa kuteremkia. Na ngurumo ya kwanza ikisikika, waya wa antena uchomolewe kabla ya kuanua nguo. “Nguo zikilowa zitakauka,” alisema. Kuna jambo jingine nililopokea kwake, nalo limenisaidia kuliko cheti changu: mtu akimletea habari, swali lake la kwanza lilikuwa, “Umeona, au umeambiwa?”

Mzee Ondiek alikuwa karani mstaafu, mrefu, mwenye kupenda wageni. Mwanawe aliyekuwa akifanya kazi Mombasa alimtumia seti kamili ya muziki: amplifaya, deki ya kaseti, redio, na spika mbili zilizonifika kiunoni. Umeme haukuwa umefika kwake, kwa hiyo seti ingetumia betri za gari. Tulifika na Fundi Ijumaa asubuhi, tukiwa na bomba la maji la futi ishirini la kuwa mlingoti, na chuma cha ardhi cha futi sita. Tulitaka kuufunga mlingoti kwenye kilele cha paa. Mzee alikataa. Ingawa nyumba yake ilikuwa ya mabati, pale kileleni alikuwa ameweka kijiti chembamba, osuri, ambacho, kama alivyonieleza mwenyewe, ni alama kwamba mwenye boma yu hai, nacho hushushwa siku anapokufa. “Paa langu lina kijiti kimoja,” alisema. “Hilo bomba lenu litasimama chini, kama mgeni.” Fundi hakubishana. Tulilisimamisha nyuma ya nyumba, tukalifunga ukutani kwa vishikizo, na hapo jua likaanza kuinama. Fundi alinawa mikono, akaondoka kwenda kwa waumini wenzake Rodi Kopany, akaniachia kazi moja ya kesho. “Piga chuma mpaka kiingie chote,” aliniambia, “na kabla hakijaingia usiwashe hata taa ya redio.”

Jumamosi asubuhi nilianza kupiga. Chuma kiliingia kama futi moja, kikagonga mwamba. Nilikipiga hadi kichwa chake kikapasuka na kufunguka kama uyoga. Nilichotakiwa kufanya nilikijua: kukichomoa, kusogea kando, na kuanza upya. Lakini harufu ya kuku wa kuchemsha ilikuwa inatoka jikoni, wakwe wa Mzee walikuwa wamefika kusikiliza muziki, na kila aliyepita nyuma ya nyumba aliniita Fundi. Mtu ambaye hajawahi kuitwa hivyo hajui jina hilo linavyolevya. Mzee alichungulia mlangoni akasema, “Fundi, hiyo kazi ni ya kuchimba kisima? Njoo tule, wageni wanangoja ngoma.” Nilichukua msumeno wa chuma, nikakikata pale kilipotokeza, nikafunga waya kwenye kipande kilichobaki, nikakifunika kwa udongo, nikaukanyaga vizuri. Nilijiambia kwamba udongo wa msimu ule ulikuwa na unyevu, kwa hiyo futi moja ingetosha. Sikuwa na kipimo chochote cha kuthibitisha hilo. Kisha nikala kuku, nikawasha seti, na kwa ombi la wageni nikaivuta spika moja hadi veranda, waya wake nikauzungusha kwenye nguzo ya chuma iliyoshikilia paa.

Hapo ndipo nilipomwona Mama Sabina kwa mara ya kwanza. Alikuwa mjane wa mdogo wake Mzee, mzaliwa wa Kuria, na nyumba yake ilikuwa ng’ambo ya ua wa minyaa. Ni yeye aliyekuwa akimtunza mama yake Mzee, bikizee asiyeweza tena kutembea. Alisimama hatua tatu kutoka kwangu, ndoo ndogo mkononi, akaniambia, “Habari ya kazi, Fundi. Naomba upunguze kidogo. Mama amelala sasa hivi tu, na usiku hakulala.” Nilipunguza. Mke wa kijana wa Mzee, mwanamke mcheshi aliyependa kucheza, akaja akaongeza tena, akasema, “Huyo naye, hata kinanda cha kanisa kinamuumiza masikio!” Wageni wakacheka. Mama Sabina aligeuka akaenda zake. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu baadaye watu ambao hawakuwepo waliyajua vizuri zaidi yangu.

Wiki ya tatu baada ya hapo, siku ya Jumanne, Mzee Ondiek aliingia karakana bila kubisha, kofia mkononi.

“Fundi, kwangu kumeharibika. Radi. Jana saa kumi. Fahali amekufa. Mke wa kijana alikuwa anaenda kuzima kaseti, akaangushwa, mkono umeungua. Seti yote ni makaa.”

“Pole sana. Uliona?”

“Nilikuwa Rodi Kopany.”

“Basi nieleze alivyosema aliyeona.”

“Acha mambo ya shule, Fundi. Kila mtu anajua. Ile mama ya ng’ambo ya ua alisema Mungu ainyamazishe hiyo redio.”

“Alimwambia nani?”

“Watu walisikia.”

“Watu gani?”

“Omera, ndugu yangu, mimi nimepoteza fahali, na wewe unaniuliza kama askari!” Mzee alikaa juu ya spika mbovu, akapangusa uso. “Jumapili tunakaa kikao, na naibu wa chifu atakuja. Yule mama atarudi kwao Kuria. Mabati yake tutamtolea aende nayo, sisi si watu wabaya.”

Fundi alinigeukia. Sijasahau, na sitasahau, kwamba aliniuliza mara mbili. “Kile chuma kiliingia chote?” Nikasema kiliingia. “Futi sita?” Nikasema futi sita. Akamgeukia Mzee na kusema polepole, “Basi hapo mimi sina maelezo.” Wakati huo nilidhani nimeokoa kibarua changu tu. Sikuona kwamba katika karakana ile kulikuwa na maelezo mawili ya radi, na ya kwangu nilikuwa nimeyaondoa mezani, nikamwacha mwanamke yule peke yake na yale ya pili.

Siku zilizofuata nilijifunza namna uvumi unavyolishwa. Hoteli tuliyonunulia chapati na maharagwe ilikuwa hatua chache kutoka kwetu, na madereva wa kutoka Ndhiwa walikula pale. Jumatano nilisikia kwamba mjane alinung’unika. Alhamisi nilisikia kwamba alionekana na kuku. Ijumaa kuku alikuwa mweusi, tena hana kichwa, na mwenye hoteli, aliyekuwa hajawahi kufika Ndhiwa, alinionyesha kwa mikono yake jinsi kuku huyo alivyoning’inizwa kwenye ua. “Wewe si ulienda huko, kijana? Hukumwona?” Nikasema sikumwona. “Haonekani na kila mtu,” alinijibu, akaniongezea mchuzi. Nilikuwa nimeketi pale na ukweli wote kifuani mwangu, uzito wa futi moja ya chuma, nikala. Leo vijana hunieleza kwamba zama zetu hazikuwa na simu za kusambaza uongo. Hazikuwa nazo. Uongo ulitembea kwa miguu na ulifika kwa wakati.

Kilichovunja ukimya wangu hakikuwa ujasiri. Ijumaa jioni, akifunga vifaa vyake kabla jua halijazama, Fundi Nashon alisema kama mtu anayejisemea, “Kazi yetu ilikuwa sawa. Nikiwaambia radi ni radi tu, wataniuliza kwa nini chuma hakikuizuia, nami sina jibu. Jumapili nitaenda kutoa pole, nikae kimya.” Sikuwahi kumjua akikaa kimya mbele ya uvumi. Niliona kwamba nimemnyang’anya kitu alichokitumia maisha yake yote, na kwamba alikuwa ameniamini kwa sababu niliona kwa macho na yeye hakuona. Alikuwa amefuata kanuni yake kikamilifu, nami nilikuwa nimeitumia dhidi yake.

Jumapili tulifika boma la Mzee saa nne. Watu wapata arobaini walikuwa wameketi chini ya turubai, naibu wa chifu kwenye kiti cha mikono, Mzee kando yake. Mama Sabina alichelewa. Alikuwa akimnywesha bikizee uji, akaja akipangusa mikono kwenye leso, akaketi pembeni peke yake. Wakati Mzee akizungumza, nilizunguka nyumba. Alama zilikuwa wazi kama mstari wa kalamu. Bomba lilikuwa limebabuka rangi juu. Waya wa antena ulikuwa umeyeyuka hadi dirishani, ukuta umechorwa masizi hadi ilipokuwa amplifaya, na kutoka hapo weusi ulifuata waya wa spika hadi kwenye ile nguzo ya chuma ya veranda. Kwenye nguzo ulining’inia mnyororo. Mzee alikuwa ametuambia kwamba fahali alifungwa hapo mvua ilipoanza.

Nilirudi nikainua mkono, nikaomba kusema. Naibu aliniruhusu, akamwomba Fundi Nashon atafsiri kwa Dholuo, kwa kuwa wazee wengi hawakukifuata Kiswahili changu. Hilo sikulitarajia. Nilisema, “Mimi ndiye niliyefukia chuma cha ardhi cha mlingoti huu.” Fundi akatafsiri. Nikasema, “Kilitakiwa kuingia futi sita.” Akatafsiri. Nikasema, “Kilipogonga mwamba, nilikikata kwa msumeno, nikakifunika, nikamdanganya fundi wangu.” Turubai lilipigapiga kwa upepo. Fundi Nashon akatafsiri kwa sauti ile ile, na alipofika kwenye uongo wangu hakuipunguza wala kuiongeza. Nililielewa neno moja tu katika yote aliyosema, jina lake mwenyewe, kwa sababu badala ya kusema fundi wangu alijitaja.

Niliwaomba wanifuate nyuma ya nyumba. Nilikwangua udongo kwa kidole, nikashika waya, nikavuta. Chuma kilitoka kwa mkono mmoja, kama karoti. Mzee mmoja alikipokea, akakipima kwa kiganja, akampa mwenzake, kikazunguka mikononi mwao. Niliwaonyesha masizi hatua kwa hatua, kutoka bomba hadi mnyororo. Nilisema pia kwamba wenyeji walipaswa kuambiwa wachomoe waya ngurumo ikisikika, lakini mimi sikuwaambia, na kwamba mke wa kijana hakutakiwa kukigusa kifaa kile wakati ule. Sikuapa, na siapi hata leo, kwamba chuma kizima kingemwokoa fahali. Radi ina nguvu isiyofuata mipango ya fundi. Niliapa tu yale niliyoyafanya na maneno matatu manne niliyomsikia Mama Sabina akiniambia siku ile ya ngoma.

“Kwa hiyo radi ilifuata waya, kama mtu anafuata njia?” aliuliza mwanamke mmoja kwa Kiswahili.

“Ndiyo, mama.”

“Na nani aliituma ifuate?” akadakia mwanamume wa nyuma.

Naibu wa chifu, aliyekuwa bado ameshika kile kipande, alisimama. “Wewe uliyeuliza, ulimwona huyo kuku wenu?” Yule mtu akasema aliambiwa. “Basi mimi hapa nimeona chuma,” akasema naibu. “Kuku sijaona. Mtu hafukuzwi kwa kuku ambaye hakuna aliyemwona.” Watu wachache walicheka, si wote. Mzee Ondiek hakucheka. Aliniambia, “Ulikula kwangu,” kisha akaingia ndani. Hajawahi kuniambia neno lingine, nami sikumlaumu.

Fundi Nashon hakunikemea. Aliniambia tu, “Lete mtaimbo.” Alipima kwa mguu hatua mbili kando ya mahali nilipofukia, akachora duara kwa kisigino. Nilichimba. Mwamba haukuwepo. Hatua mbili tu, na udongo ulikuwa mwekundu, laini, wenye maji. Alishika chuma kipya cha akiba, tulichokuja nacho pamoja na vifaa vya kuukagua mlingoti baada ya pole, mimi nikapiga kwa nyundo, na neno pekee alilolitoa muda wote lilikuwa “Piga.” Saa nane kilikuwa kimeingia chote, kikabaki urefu wa kidole gumba cha kufungia waya. Alilala chini akakitazama kwa macho yake mwenyewe. Tangu siku ile hadi nilipoondoka Suna mwishoni mwa mwaka, hakuna kazi yangu aliyoipokea bila kuiona, nami nimewatendea vivyo hivyo wote niliowafundisha, pamoja na wanaonilalamikia kwamba sina imani.

Tukikusanya vifaa, Mama Sabina alikuja kwenye ua. Nilikwenda kwake nikiwa na maneno ya kuomba radhi niliyoyapanga. Hakunipa nafasi.

“Ulijua tangu lini?” aliniuliza.

“Tangu Jumanne, mama.”

“Jumanne.” Alifikiri. “Mimi walinikataza kisima Jumatano.”

Nilisema samahani. Sijui kama alisikia, kwa sababu alikuwa ameshageuka. Niliyoyasikia juu yake baada ya hapo, kwamba walimpatanisha, kwamba hawakumpatanisha, yalitoka kwa watu, nami siyaandiki. Ninachoweza kukithibitisha ni hiki: alichukua ndoo, akapita katikati ya wanawake waliokuwa wamesimama njiani, akateremka hadi kisimani. Nilisimama nikatazama. Aliteka, akajitwisha, akapanda tena, na hakuna aliyemzuia.